Uchi, Haya na Kujisitiri katika Biblia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mwaka kwenye semina za vijana, mafundisho ya kipaimara, vikao vya akina mama na magrupu ya WhatsApp ya jumuiya. Maneno ya Biblia yaliyonukuliwa yametoka kwenye Union Version, ile tafsiri ya Kiswahili ambayo wengi wetu tumeikariri. Msimamo wangu nautaja mapema: kwa sehemu kubwa, Biblia inapotaja uchi inamgeukia yule aliyevaa na kumuuliza amemfanyia nini asiye na nguo. Sisi tumeshika rula na kupima sketi za mabinti, na swali hilo kubwa tumeliacha mezani.

Je, uchi wenyewe ni dhambi?

Hapana. Mwanzo 2:25 inasema, "Nao walikuwa uchi wote wawili, Adamu na mkewe, wala hawakuona haya." Mwili ulikuwapo kabla ya dhambi, na Mungu alikwisha kuviangalia vyote alivyoviumba akaviona ni vyema sana. Anayefundisha kwamba mwili ni mchafu kwa asili yake, na mwili wa mwanamke kuliko wa mwanamume, hilo hakulipata Mwanzo.

Kilichoharibika katika sura ya 3 ni uhusiano. Tazama mpangilio wa mambo. Kwanza wanashona majani ya mtini, yaani wanajificha wao kwa wao. Baadaye ndipo wanaposikia sauti ya Mungu na kujificha kati ya miti. Adamu anasema, "nikaogopa kwa kuwa mimi ni uchi", na Mungu anamuuliza, "Ni nani aliyekuambia ya kuwa u uchi?" Hofu imeingia mahali palipokuwa na imani.

Kisha inakuja aya ya 21, ambayo wahubiri wengi huipita mbio wakikimbilia kufukuzwa bustanini: "BWANA Mungu akawafanyia Adamu na mkewe mavazi ya ngozi, akawavika." Hukumu imekwisha kutamkwa na jasho na uchungu vimetangazwa. Lakini kabla hawajatoka nje ya lango, aliyekosewa anakaa chini na kuwatengenezea nguo waliomkosea, tena anawavalisha mwenyewe. Hawacheki wala hawaachi na yale majani. Mambo mengi yanayofuata hapa chini yanaegemea aya hiyo.

Hamu alikosa nini kwa Nuhu? Na ile laana ni ya Waafrika?

Nianze na swali la pili, maana limeumiza watu. Soma Mwanzo 9:25 polepole: aliyelaaniwa ni Kanaani, mwana wa Hamu. Kushi, mwana mwingine wa Hamu, ambaye desturi ya Biblia inamhusisha na nchi zilizo kusini ya Misri, hakulaaniwa popote. Pamoja na hayo, kwa karne nyingi wafanyabiashara wa watumwa na watetezi wao, Wakristo wakiwamo, waliigeuza aya hiyo kuwa hati ya kumiliki watu weusi. Ulikuwa uongo juu ya maandiko, na mahali ambapo bado unafundishwa ni wajibu wetu kuusahihisha waziwazi.

Turudi kwenye kosa. Nuhu amelewa divai, amelala uchi hemani mwake. Hamu anaona, anatoka nje, anawaambia ndugu zake wawili. Wapo wafafanuzi wanaodhani kuna jambo zito zaidi nyuma ya pazia, lakini maandishi yanatuonyesha haya mawili: aliona, akaenda kutangaza. Shemu na Yafethi wanatwaa nguo, wanaitia mabegani mwao wawili, wanaingia kinyumenyume, nyuso zimeelekea upande mwingine, wanamfunika baba yao bila kumwona. Fikiria ugumu wa kazi hiyo: watu wawili ndani ya hema, hawaoni waendako, wanapapasa kwa miguu wasimkanyage mzee, na nguo lazima ishuke mahali pake.

Nuhu ndiye aliyelewa na kujifunua. Hata hivyo simulizi haitumii muda mrefu kumhoji, inageuka kuwatazama waliomkuta katika hali ile.

Ina maana kupokea na kusambaza "konekshen", yaani video za faragha zilizovuja, ni dhambi ya Hamu?

Ndiyo, na ningeomba walimu wa vijana waseme hivyo bila kung'ata maneno. Video ya faragha ya msichana inavuja, na kabla ya jioni imefika kwenye grupu la kwaya ikiwa na maneno "mwombeeni dada yetu". Huko si kuombea. Huko ni kutoka hemani na kuwaita ndugu waje kuona.

Nabii Habakuki ana aya ambayo ni nadra kuisikia ikihubiriwa: "Ole wake yeye ampaye jirani yake kileo, wewe utiaye sumu yako, na kumlevya pia, ili kuutazama uchi wao!" (2:15). Ole hiyo haimwangukii aliyeonekana. Inamwangukia aliyepanga kuona. Kijana anayembembeleza msichana amtumie picha na kuihifadhi ili aje amtishie nayo, amesimama ndani ya aya hii.

Ukitumiwa, futa. Mwambie aliyekutumia kwamba umefuta na kwa nini. Ukimfahamu mhusika, mtafute kwa faragha umsimamie, maana katika wiki hiyo wapo wanaofikiria kujiua. Tena jua kwamba sheria nazo zimeliona jambo hili: Kenya, kwa mfano, iliweka kosa la kusambaza picha za faragha za mtu katika sheria yake ya makosa ya mtandao ya 2018.

Mbona manabii walitembea uchi? Isaya si alikaa hivyo miaka 3?

Isaya 20 inasema hivyo kweli. Aliagizwa avue gunia lake na viatu vyake, akaenda uchi, bila viatu, miaka 3, iwe ishara juu ya Misri na Kushi. Mfalme wa Ashuru angewachukua watu wao mateka, vijana na wazee, uchi na bila viatu. Mateka walichukuliwa hivyo ili wadhalilike. Isaya aliubeba udhalilishaji wa watu wengine katika mwili wake kabla haujawafika, ili Yerusalemu iache kuitegemea Misri. Mika naye anasema atakwenda amevuliwa nguo na uchi kwa kuomboleza (1:8). Sauli katika 1 Samweli 19 ni habari nyingine: mfalme aliyekuja kumkamata Daudi anaangushwa na Roho, analala uchi mchana kutwa na usiku kucha. Pale ufalme unavuliwa.

Watu wa Afrika Mashariki hawahitaji maelezo marefu kuielewa ishara ya namna hii. Machi 1992, katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuwa wamefunga kula wakidai wana wao waachiwe, Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Polisi walipowavamia kwa marungu na mabomu ya machozi, baadhi ya akina mama wale walivua nguo zao. Kila askari aliyekuwapo alijua maana ya kuona uchi wa mwanamke aliye rika la mama yake. Baadaye walipokelewa katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, la Kianglikana, umbali mfupi kutoka pale, wakakaa humo karibu mwaka mzima mpaka wengi wa wafungwa wale walipoachiwa. Kanisa lile halikuanza na maswali ya mavazi. Lilifungua mlango.

Bathsheba hakujitakia kwa kuoga mahali pa kuonekana?

Soma tena 2 Samweli 11. Aliyekuwa juu ya dari la nyumba ya kifalme jioni ile ni Daudi. Sura inaanza kwa kusema ulikuwa wakati wa wafalme kwenda vitani, na yeye amebaki Yerusalemu. Bathsheba alikuwa anaoga, na aya ya 4 inaongeza kwamba alikuwa amejitakasa na unajisi wake. Daudi akaona, akauliza, akaambiwa ni mke wa Uria, akatuma watu, wakamchukua. Mwanamke aliyeitwa na mfalme, mumewe akiwa vitani, alikuwa na nafasi gani ya kukataa?

Nathani anapokuja anasimulia habari ya tajiri aliyempokonya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Katika simulizi hiyo mwana-kondoo halaumiwi hata kwa neno moja, na kidole cha nabii kinamwelekea mtu mmoja: "Wewe ndiwe mtu huyo." Wanaomhubiri Bathsheba kama mtegaji wameongeza shitaka ambalo Mungu hakulileta.

Paulo alimaanisha nini kwa "mavazi ya kujisitiri"?

Hili ndilo swali la wengi, basi tulikalie. Aya yenyewe ni 1 Timotheo 2:9-10: "Vivyo hivyo wanawake na wajipambe kwa mavazi ya kujisitiri, pamoja na adabu nzuri, na moyo wa kiasi; si kwa kusuka nywele, wala kwa dhahabu na lulu, wala kwa nguo za thamani; bali kwa matendo mema."

Angalia orodha ya vitu anavyovikataza: nywele zilizosukwa, dhahabu, lulu, nguo za thamani. Magoti hayamo. Mabega hayamo. Vyote alivyovitaja vinagharimu fedha. Timotheo alikuwa Efeso, mji wa bandari na biashara, na kusanyiko lilikuwa na matajiri na watumwa wakikaa chumba kimoja. Mwanamke wa nyumba ya kitajiri alikuwa na watumwa wa kumsuka kwa saa nyingi mitindo mirefu iliyosimamishwa kwa vito. Akiingia hivyo kwenye ibada, kila jicho linajua nani ni nani. Petro anasema karibu maneno yaleyale (1 Petro 3:3-4), na hata katika Isaya 3, ile orodha ndefu ya njuga, vikuku na pete za puani inatanguliwa na wazee wanaosaga nyuso za maskini.

Simaanishi kwamba kufunika mwili hakumo katika aya hii. Kumo, maana anataja kujisitiri, adabu na kiasi. Ninachosema ni kwamba tumeshika nusu moja tukatupa nusu ambayo mtume mwenyewe aliifafanua. Binti aliyevaa sketi ya shule iliyomfupia kwa sababu amerefuka na mzazi hana fedha za nyingine anasemwa na mzee wa kanisa mbele za watu. Mlezi wa harusi anayewatoza watu 30 sare ya kitenge, kushona juu yao, viatu vya kufanana, na wiki inayofuata send-off yenye sare nyingine, anapigiwa vigelegele. Ni yupi kati yao anayemhusu Paulo?

Na kuna gauni jeupe la komunio ya kwanza. Wapo wazazi wanaokopa ili mtoto apande madhabahuni akiwa na gauni la kushindana na wenzake, viatu vyeupe na mpiga picha. Wapo wengine wanaoahirisha sakramenti mwaka mzima kwa sababu hawana. Parokia au usharika unaoweka gauni la aina moja, la kuazima na kurudisha, umeitii 1 Timotheo 2:9 kuliko mahubiri kumi juu ya nguo za kubana.

Kwa hiyo kusuka nywele ni dhambi?

Hapana. Uwe umesuka twende kilioni au mwendokasi, Paulo hakuwa na habari na mitindo yetu. Alikataza fahari inayowadunisha wengine. Ukisuka kwa bei unayoimudu na kichwa chako hakimnyimi mtoto ada, suka kwa amani.

Mwanamke Mkristo avae suruali?

Wanaokataa hushika Kumbukumbu la Torati 22:5, inayomkataza mwanamke mavazi ya mwanamume na mwanamume mavazi ya mwanamke. Aya ni ya kweli na nzito. Lakini katika siku zile za Musa wanaume na wanawake wa Israeli wote walivaa nguo ndefu zisizogawanyika miguuni, zikatofautishwa kwa namna nyingine. Suruali haikuwa alama ya uanaume. Tena anayeisimamia aya ya 5 hivyo asimame pia na aya ya 11 ya sura hiyohiyo, inayokataza nguo ya sufu na kitani pamoja, na aya ya 12 ya vishada katika pembe nne za nguo.

Kinachopendeza ni kwamba mahali Biblia inapoamuru vazi la namna ya suruali, Kutoka 28:42, sababu inayotajwa ni kufunika tupu. Muulize mama anayepanda bodaboda kila siku kwenda sokoni, au anayepanda mwembe kuchuma: suruali pana inamsitiri kuliko gauni. Kama usharika wako una desturi ya gauni ibadani, iheshimu kwa ajili ya amani. Ila usimtangazie mtu hukumu ya milele kwa sababu ya mshono.

Na kufunika kichwa?

Katika 1 Wakorintho 11 Paulo anataka mwanamke anaposali au kuhutubu afunike kichwa, na mwanamume asifunike. Wengi hawaoni kwamba aya ya 5 imechukulia wanawake wanasali na kuhutubu kwa sauti kanisani. Wanaume wa Kirumi nao walikuwa na desturi ya kujifunika kichwa wakitoa dhabihu kwa miungu yao, kwa hiyo agizo kwa wanaume lilikuwa na uzito wake Korintho.

Makanisa yametofautiana. Kanisa Katoliki liliandika sharti hilo katika sheria yake ya 1917, na sheria ya 1983 haikulibeba tena. Waorthodoksi wa Ethiopia wamelishika, na vilevile makanisa kadhaa ya kiroho ya kwetu. Mimi naona ni desturi nzuri inayofaa kuachiwa dhamiri.

Mbona mafundisho haya yote ni kwa wanawake? Wanaume je?

Swali zuri, na jibu lake linawashangaza wengi. Mahali ambapo Biblia inaeleza nguo ifike wapi mwilini, inawaambia wanaume. Kutoka 28:42: makuhani wavae kitani kutoka viunoni hata mapajani, wasije wakachukua uovu wakafa. Kabla ya hapo, Kutoka 20:26, anayekwenda madhabahuni haruhusiwi kupanda kwa ngazi, uchi wake usionekane juu yake. Kwa hiyo kijana wa mlegezo, suruali imeshuka na nguo ya ndani iko nje kwenye benchi la kwaya, yumo katika mafundisho haya. Yumo pia mhubiri mwenye saa ya dhahabu, kwa upande wa "nguo za thamani".

Kuhusu macho, Ayubu alisema, "Nilifanya agano na macho yangu, basi nawezaje kumwangalia msichana?" (31:1). Hakufanya agano na nguo za msichana. Bwana Yesu naye alisema, "kila mtu atazamaye mwanamke kwa kumtamani, amekwisha kuzini naye moyoni mwake," na dawa aliyoitaja mara moja ni juu ya jicho la mtazamaji. Upendo unaweza kumfanya dada achague nguo kwa kumfikiria ndugu yake dhaifu, kwa roho ya Warumi 14. Hilo analitoa yeye. Ndugu hana haki ya kulidai kama deni.

Mtu aliyevaa vibaya akivuliwa nguo hadharani, si amejifunza adabu?

Hapana, na hapa sina subira. Mwishoni mwa 1968, baada ya Umoja wa Vijana wa TANU kutangaza operesheni dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, wanawake walishambuliwa mitaani Dar es Salaam hata kabla ya tarehe ya kuanza, 1 Januari 1969. Novemba 2014 mwanamke alivuliwa nguo na kundi la wanaume kwenye stendi ya matatu Nairobi, wakirekodi. Mamia ya wanawake waliandamana, na kabla ya mwaka kwisha sheria ya Kenya ikaongezewa kifungu cha adhabu kali kwa anayemvua mwenzake nguo kwa nguvu. Waliofanya vitendo hivi walidai wanalinda maadili.

Sasa orodhesha wanaowavua wengine nguo katika Biblia. Ndugu zake Yusufu, kabla ya kumtupa shimoni. Hanuni mfalme wa Waamoni, aliyewanyoa watumishi wa Daudi nusu ya ndevu na kuwakatia nguo mpaka matakoni. Wanyang'anyi wa njia ya Yeriko, "wakamvua nguo, wakamtia jeraha". Askari wa Pilato. Hakuna hata mmoja katika orodha hiyo ambaye Mkristo angetaka kusimama upande wake.

Mtu aliyesoma vizuri atauliza: mbona katika Hosea 2 na Ezekieli 16 Mungu anatishia kuivua Israeli kama mke mzinzi? Ni aya ngumu na sitazilainisha. Zinalihusu taifa na mji, kwa picha ya vita na uhamisho uliokuwa unakuja. Hakuna mtu aliyeagizwa amfanyie hivyo mwanamke yeyote. Na ndani ya Ezekieli 16 hiyohiyo, aya ya 8, Mungu anakunjua upindo wa vazi lake na kumfunika aliyekuwa uchi.

Daudi alipopata habari za watumishi wake waliodhalilishwa alituma watu wakawalaki njiani, akawaambia wakae Yeriko mpaka ndevu zao ziote, ndipo warudi. Hakuwalazimisha kuingia mjini wakaonekane.

Je, Yesu alisulubiwa uchi?

Yohana 19:23-24 inasema askari waligawana mavazi yake mafungu 4, na kanzu isiyoshonwa wakaipigia kura. Warumi kwa kawaida walisulubisha watu uchi, na aibu hiyo ilikuwa sehemu ya adhabu. Injili haitaji kitambaa kiunoni. Tunakiona kwenye sanamu na picha kwa sababu Wakristo walimfunika kwa heshima, na sioni ubaya. Lakini Ijumaa Kuu tukumbuke kilichotokea. Waebrania 12:2 inasema aliustahimili msalaba na kuidharau aibu. Mwanamke aliyebakwa, mfungwa aliyepekuliwa, mgonjwa wa akili anayezunguka stendi bila nguo, wote wana Bwana aliyepita hapo.

Ni kweli Wakristo wa kwanza walibatizwa uchi?

Mahali pengi, ndiyo. Mafundisho ya Yerusalemu ya karne ya 4, yanayohusishwa na Askofu Kirilo, yanawakumbusha waliobatizwa kwamba walivua nguo zao na kuwa uchi bila haya, kwa mfano wa Adamu. Kwa ajili ya wanawake palikuwa na mashemasi wanawake, Siria hasa, waliowapaka mafuta ili mwili wao usitazamwe na wanaume. Wakitoka majini walivikwa nguo nyeupe. Nguo nyeupe za ubatizo tulizo nazo leo zinatoka huko.

Basi wanaoabudu uchi wana hoja?

Wapo Ulaya na Marekani wanaodai hivyo, na hata karne ya 4 Askofu Epifanio aliandika juu ya kundi lililojiita la Adamu likikusanyika uchi. Kanisa halikuwafuata. Mungu aliwavika watu nje ya bustani, na safari ya Biblia haiishii kwa kurudi kwenye majani. Inaishia kwa mavazi meupe ya Ufunuo.

Mume na mke kuonana uchi?

Ni haki yao na furaha yao. Wimbo Ulio Bora 4 na 7 unausifu mwili wa mpenzi kiungo kwa kiungo, na Mithali 5:18-19 haina haya kabisa. Waliofundishwa kuzima taa kwa kuogopa Mungu wamefundishwa vibaya. Kupiga picha ni jambo lingine: simu huibwa, na ndoa hazidumu zote.

Kunyonyesha kanisani ni utovu wa adabu?

Si utovu. Katika handaki la Priscilla huko Roma, makaburi ya chini ya ardhi ya Wakristo wa kale, kuna mchoro wa kale wa mama na mtoto kifuani, unaohesabiwa kati ya picha za mwanzo kabisa za Mariamu. Mama akitaka kanga ya kujifunika, mpeni. Asipotaka, sikilizeni mahubiri.

Mimi ni muuguzi wa kiume. Je, nakosa nikiwaosha wagonjwa wa kike?

Hukosi. Msamaria aliyekutana na mtu aliyevuliwa nguo njiani alimkaribia, akamfunga jeraha zake, akatia mafuta na divai. Kuna namna ya kuugusa mwili ambayo ni rehema. Funga pazia, funika sehemu usiyoishughulikia, mwambie mgonjwa unachotaka kufanya kabla hujafanya, na palipo na muuguzi wa kike na mgonjwa anamtaka, mwite.

Wazee wa mlangoni wamrudishe aliyevaa vibaya?

Mara nyingi hutajwa mfano wa Mathayo 22, yule aliyetupwa nje kwa kukosa vazi la arusi. Mfano ule unahusu ufalme na wito wa Mungu. Anayeagiza atupwe ni mfalme mwenyewe, na watumishi waliotumwa njiani waliwaleta wote waliowaona, waovu kwa wema.

Andiko linalozungumzia moja kwa moja mavazi ya mtu anayeingia ibadani ni Yakobo 2. Anaingia mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri, anaingia na maskini mwenye mavazi mabovu. Mmoja anapewa kiti, mwingine anaambiwa simama pale, au keti miguuni pangu. Anayekemewa ni yule aliyekuwa akipanga watu.

Ushauri wangu kwa wahudumu wa mlangoni ni huu. Mgeni aingie, akae, asikie Neno. Hujui kama hiyo ndiyo nguo yake pekee, au kama ametoka kazini usiku ambako angependa kuacha kwenda. Kama ni mshiriki wa siku zote na kuna la kumwambia, mama mmoja anayempenda amwambie katikati ya wiki, nyumbani, bila mashahidi. Na ile kanga mnayoiweka mlangoni ya kuwafunika mabinti mbele za watu, iondoeni hapo. Pelekeni kanga safi, mpya, mbili mbili, kwenye wodi ya wazazi ya hospitali iliyo jirani, ambako kila wiki kuna mama aliyejifungua bila nguo ya kumfunika mtoto wala ya kujifunika mwenyewe.